Umeme Unapochagua Upande

Pitisha mkondo wa ampea 1 kwenye waya wa shaba kutoka kushoto kwenda kulia, upime volti. Geuza betri, upime tena. Volti ni ileile, ishara tu ndiyo imegeuka. Kanuni aliyoitangaza Georg Ohm mwaka 1827 haijali mkondo unaelekea wapi: V = RI, yaani ukinzani mara mkondo.

Sasa tuongeze kipande kimoja: V = RI + gI². Ukigeuza mkondo, RI inageuka ishara, lakini I² haigeuki, maana hasi mara hasi ni chanya. Volti za pande mbili hazilingani tena. Je, fuwele iwe na nini ndipo g isiwe sifuri?

Sharti la kwanza ni umbo. Ndani ya shaba, atomu ina majirani wanaofanana kila upande, hivyo mkondo hauna sababu ya kupendelea njia. Fuwele ya BiTeBr haiko hivyo. Imepangwa kwa matabaka: teluri upande mmoja, bismuthi katikati, bromini upande wa pili. Juu yake si sawa na chini yake.

Ni rahisi kudhani hilo linatosha. Ukimpapasa samaki kuelekea mkiani, mkono unateleza. Ukirudi, magamba yanakwaruza. Lakini elektroni hazimo katika hali hiyo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika fuwele isiyo na usumaku, kila elektroni inayokwenda kulia ina pacha wa nishati ileile anayekwenda kushoto, ila spini yake, yaani ule usumaku mdogo ilio nao kila elektroni, imegeuka. Umbo lisilo na ulinganifu hufunga spini na mwendo pamoja, lakini haliwezi kuvunja usawa wa mapacha hao. Usawa huo unatokana na sheria za mwendo zenyewe, ambazo hubaki zilezile hata wakati ukirudishwa nyuma.

Sumaku ndiyo huuvunja. Uga wa sumaku hushusha nishati ya spini moja na kupandisha ya nyingine. Na kwa kuwa spini imefungwa kwenye mwendo, wa kulia na wa kushoto hawalingani tena. Mwaka 2017 watafiti nchini Japani walionyesha haya katika BiTeBr. Athari huwa kubwa pale mkondo, uga na mhimili wa fuwele (mstari utokao upande wa teluri kwenda upande wa bromini) vinapokuwa wima kila kimoja kwa mwenzake. Uga ukigeuzwa, upande mwepesi nao unahama. Mkondo ukifuata uga, athari inatoweka. Diodi ya kawaida hutegemea mpaka kati ya semikonda mbili. Hapa kazi inafanywa na fuwele nzima.

Kipande cha g ni kidogo mno, lakini kinajitangaza. Mkondo ukiyumba mara 17 kwa sekunde, I² huyumba mara 34, na chombo kinaweza kusikiliza mdundo huo peke yake.

Fuwele ikiwa na mhimili wa namna hii na usumaku wake yenyewe, uga wa nje hauhitajiki tena. Ukinzani wa kawaida hautofautishi usumaku unaoelekea mbele na unaoelekea nyuma. Ishara ya g inatofautisha.