Maumivu ya Tumbo la Juu kwa Mwanaume: Hatua za Kufuata Kabla ya Kumwona Daktari

Andaa karatasi, kalamu, saa na kipimajoto. Hapa "tumbo la juu" ni sehemu iliyo kati ya mbavu na kitovu. "Chembe" ni katikati yake, chini ya mfupa wa kifua. Usiruke hatua.

1. Kagua dalili za hatari. Kifua kinabana? Maumivu yanakwenda mkononi, shingoni au kwenye taya? Unatokwa na jasho baridi, unahema kwa shida, unatapika damu, unapata choo cheusi cha kunata kama lami? Tumbo limekaza, haligusiki? "Ndiyo" moja yatosha: acha mwongozo huu, upelekwe hospitali sasa. Usiendeshe gari mwenyewe. Mshtuko wa moyo huweza kuuma kwenye chembe tu, na dakika unazopoteza kwa dawa ya kiungulia ni dakika ambazo moyo unakosa damu.

2. Gusa kwa kidole kimoja mahali panapouma zaidi, paandike. Kulia, chini ya mbavu: fikiria ini au mfuko wa nyongo, hasa maumivu yakipanda begani. Kwenye chembe na kupenya mgongoni: fikiria kongosho. Gusa tena kila baada ya saa 6. Yakihamia chini kulia, huenda ni kidole tumbo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

3. Pima joto. Likifika 38°C, au macho yakiwa ya manjano, nenda leo.

4. Andika saa ya kila mlo na saa ya maumivu kwa siku 3, ikiwa tu yanavumilika. Yanayotulia ukila na kurudi usiku huashiria kidonda cha duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo). Yanayofuata chakula cha mafuta na kudumu zaidi ya nusu saa huashiria mawe ya nyongo.

5. Orodhesha kila ulichomeza: diclofenac ya mgongo, ibuprofen, aspirini, miti shamba, pombe na kiasi chake. Usifiche gongo. Dawa hizo za maumivu huchubua tumbo, na pombe huumiza kongosho. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila kumuuliza daktari.

6. Omba kipimo cha Helicobacter pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo) cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu hakitoshi: hubaki chanya hata baada ya kupona. Kabla ya kupima, hakikisha zimepita wiki 2 tangu dozi ya mwisho ya omeprazole (dawa ya kupunguza asidi) na wiki 4 tangu ile ya antibiotiki. Daktari akubali kwanza uziache.