Inapita kwa nini? Somo la ulinganisho kutoka katika muda wa magari ya mbio

Utangulizi

Mjomba wangu ni fundi wa magari katika komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita zamu yake ya likelemba ilifika, akawa na pesa ya kununua gari moja la kazi. Muuzaji alimwonyesha mawili, akamwambia neno moja tu: « Hii iko muzuri kupita ile. » Ile nzuri ilikuwa ghali zaidi, na pesa iliyobaki ilikuwa karo ya watoto.

Jioni ile tulikuwa tunasoma pamoja orodha ya magari yaliyokimbia Nürburgring, kule Ujerumani. Niliona Renault Mégane R.S. Trophy-R ya mwaka 2019: dakika 7 na sekunde 40.1. Chini yake niliona Honda Civic Type R ya mwaka 2023: dakika 7 na sekunde 44.881. Nikasema haraka: « Mjomba, Renault inapita Honda kwa sekunde karibu 5. » Yeye akauliza: « Mpwa wangu, zimekimbia njia moja? » Mimi, mwanafunzi wa isimu, sikuwa nimeuliza. Somo hili limetoka katika swali lake.

1. Sehemu za sentensi ya ulinganisho

Lugha nyingi za Afrika hulinganisha kwa kitenzi chenye maana ya kushinda au kupita. Leon Stassen alilieleza jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 1985 juu ya lugha za dunia. Kiswahili kina njia hiyo, na kina pia kuliko. Tazama:

a) Gari hili lina mbio kuliko lile.
b) Gari hili linalishinda lile kwa mbio.
c) Hii motokari iko mbio kupita ile. (Lubumbashi)

Katika sentensi zote tatu mna kinacholinganishwa (gari hili), kipimo chake (gari lile) na sifa (mbio). Lakini kuna sehemu ya nne ambayo sarufi haitulazimishi kuitaja, nayo ni sharti: mahali gani, urefu gani, matairi gani, dereva nani. Sentensi inasimama vizuri bila sharti, na kwa hiyo msikilizaji hajui kwamba kuna kitu kinakosekana. Muuzaji wa mjomba alikwenda mbali zaidi, maana neno muzuri halitaji hata sifa yenyewe.

2. Sharti linapogeuza jibu

Njia ya Nordschleife ya Nürburgring ina urefu wa kilomita 20.832. Kwa miaka mingi watengenezaji wa magari walitangaza muda wa kilomita 20.6 tu, wakiacha kipande kifupi karibu na mahali pa kuanzia. Tangu mwaka 2019 wenye kiwanja wameweka kanuni: muda rasmi ni wa mzunguko mzima.

Muda wa Renault nilioutaja ni wa kilomita 20.6. Mzunguko uleule, gari lileile, ukipimwa kwa kilomita 20.832 unakuwa dakika 7 na sekunde 45.389. Muda wa Honda ni wa mzunguko mzima. Basi:

d) Renault inaipita Honda kwa sekunde 4.781. (si kweli, urefu ni tofauti)
e) Honda inaipita Renault kwa sekunde 0.508. (kweli, urefu ni mmoja)

Mita 232 zimegeuza mtenda kuwa mtendwa! Na hata sentensi (e) inahitaji nyongeza. Renault ile iliondolewa viti vya nyuma ili iwe nyepesi, lakini Honda inabeba watu wanne. Mwenye familia akiuliza « ipi inapita? » hatapata jibu katika sekunde peke yake.

3. Kuzidi: gari au muda?

Mwanafunzi aangalie pia kiima cha kitenzi. Porsche 911 GT3 ya mwaka 2021 ilizunguka njia nzima kwa dakika 6 na sekunde 59.927. Linganisha:

f) Porsche inaizidi Honda kwa sekunde 45.
g) Muda wa Honda unauzidi muda wa Porsche kwa sekunde 45.

Sentensi zote mbili ni kweli, ingawa katika (f) Porsche ndiyo inayozidi na katika (g) Honda ndiyo inayozidi. Katika mbio, kuzidi kwa gari ni kupungua kwa muda. Ndiyo maana napendekeza tutumie kutangulia au kushinda tunapozungumzia gari, na kuzidi au kupungua tunapozungumzia muda. Msomaji hatachanganyikiwa.

4. Bei ya sekunde moja

Sasa tufike kwenye pesa. Mali bila daftari hupotea bila habari, basi tuandike. Huko Marekani bei ya kuanzia ya Honda ile ilikuwa dola 42,895, na ya Porsche ile dola 161,100. Porsche iliuzwa karibu mara 4 ya bei ya Honda, lakini haiendi mbio mara 4: muda umepungua kwa chini kidogo ya asilimia 10. Tofauti ya bei, dola 118,205, ukiigawanya kwa sekunde 45, kila sekunde imenunuliwa kwa dola 2,600 na zaidi kidogo.

Tupande ngazi nyingine. Mercedes-AMG One, mwaka 2024, ilizunguka kwa dakika 6 na sekunde 29.090. Inatangulia Porsche kwa sekunde 31 hivi. Bei yake ilitangazwa kuwa euro milioni 2.275 bila kodi, na Porsche ile iliuzwa Ujerumani kwa euro 170,000 hivi. Hapa kila sekunde inagharimu zaidi ya euro 60,000. Sekunde ni ileile ya saa, lakini kadiri unavyokaribia kilele, ndivyo bei yake inavyopanda.

Kwa hiyo « inapita kwa mbio » na « inapita kwa faida ya pesa » ni sentensi mbili tofauti, na mara nyingi magari yanabadilishana nafasi kutoka moja hadi nyingine.

5. Nani anasema?

Mwaka 2008 Nissan ilitangaza kwamba GT-R yake ilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 29. Porsche ikanunua GT-R, ikaijaribu yenyewe, ikasema imepata dakika 7 na sekunde 54. Gari ni la aina moja, njia ni moja, tofauti ni sekunde 25. Mabishano yalihusu matairi na madereva, yaani masharti. Kiswahili hakina kiambishi cha kuonyesha habari imetoka kwa nani; inatubidi tuseme wazi: « kwa kipimo cha Nissan », « kwa kipimo cha Porsche ».

Hitimisho

Asubuhi yake nilimsindikiza mjomba kwa muuzaji. Aliuliza: « Inapita kwa nini? » Muuzaji akajibu kwamba injini yake ina nguvu zaidi. Mjomba akauliza tena: « Nguvu ya kwenda wapi? Mimi nabeba vipuri hapa mjini. » Alichukua lile la bei ndogo, na watoto wamelipiwa karo. Kama gari litadumu, tutajua baadaye; lakini pesa haikutoka kwa sababu ya sentensi isiyokamilika.

Angalieni pia swali lake. Kwa nini ni kuuliza sababu, na ni kuuliza kitu gani. Aliuliza yote mawili kwa pumzi moja.

Mazoezi

1. Kamilisha kwa sifa na sharti: « Simu hii ni bora kuliko ile. »
2. Geuza sentensi (g) iwe na kitenzi kupungua.
3. Sokoni, andika sentensi tano za wauzaji zenye kupita. Ngapi zinataja sharti?