SOMO: CHUO NA KAZI VIKIKAA MEZA MOJA



Katika semina za waratibu wa miradi kuna swali linalojirudia: "Andiko lilikuwa zuri, fedha zilikuja, wataalamu walikuja, mbona mradi umekwama?" Wengi wetu hujibu haraka kwamba wafadhili walichelewa, au kwamba wananchi hawakuhamasika. Tatizo hili si letu peke yetu. Makampuni makubwa yanayojenga reli, madaraja na mitambo nje ya nchi zao yamelia kilio hicho hicho. Somo hili linaeleza jinsi baadhi yao walivyokaa na watafiti wa vyuo vikuu kutafuta jibu.

Stanford: wahandisi na wasomi wa jamii

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Marekani, kilianzisha kituo cha utafiti wa miradi ya kimataifa, yaani miradi inayokutanisha watu na taasisi za nchi mbalimbali. Kiongozi wake alikuwa Profesa Raymond Levitt, mtaalamu wa uhandisi wa ujenzi. Aliyefanya naye kazi kwa karibu ni W. Richard Scott, mwanasosholojia, yaani msomi wa mambo ya jamii. Watafiti hao walikwenda kwa watu wa makampuni ya ujenzi na uhandisi kusikiliza yaliyowapata kazini.

Kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Kampuni ina uzoefu, lakini haina nafasi ya kukaa na kuutafakari, kwa sababu mradi mmoja ukiisha mwingine unaanza. Mtafiti ana muda na mbinu za kulinganisha, lakini bila kufika kwenye kazi yenyewe atabaki na vitabu tu.

Waligundua nini?

Mwaka 2008 Ryan Orr na Scott walichapisha utafiti wa visa 23. Katika visa hivyo, kampuni ngeni iliingia gharama isizozitarajia kwa sababu haikuelewa taratibu za mahali ilipokwenda. Gharama hizo hazikuwa za fedha tu. Sifa na uhusiano pia viliumia. Waliona hatua tatu:

1. Kutojua. Mgeni anafanya kama alivyozoea kwao, bila kufahamu kwamba amekosea.
2. Kutafuta maana. Mambo yanapoharibika anaanza kuuliza: kumetokea nini hapa?
3. Kuitikia. Anabadili utaratibu, anajadiliana, au anatafuta msaada wa mwenyeji.

Scott alifundisha kwamba taratibu za jamii husimama juu ya nguzo tatu: sheria zilizoandikwa, wajibu ambao watu wanadaiana, na fikra ambazo kila mtu anaziona kuwa ni za kawaida. Tuchukue mfano wa kiwanja cha zahanati. Hati ipo, kwa hiyo sheria imetimizwa. Lakini wazee hawakushirikishwa, na hapo wajibu umevunjwa. Tena wenyeji wote wanajua kwamba pale ni makaburi ya zamani, na hakuna aliyesema kwa sababu kila mmoja alidhani mgeni anajua. Anayekagua hati peke yake ameona nguzo moja na kuziacha mbili.

Huko Uingereza nako, kati ya mwaka 2004 na 2006, wasomi na watendaji wa miradi walikutana katika mtandao wa utafiti uliogharamiwa na fedha za umma. Walikubaliana kwamba mradi si hatua za kwenye karatasi tu, bali ni kazi inayofanyika kati ya watu. Kwa hiyo msimamizi hatoshi kuwa fundi anayefuata mwongozo. Anapaswa pia kutafakari anachokifanya.

Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wa chuo kikuu alifika ofisini kwetu kutafiti miradi ya maji. Nilimpeleka kwenye kisima kinachofanya kazi. Kile kilichokufa kiko njiani kabisa. Tulikipita na sikusema neno. Niliogopa jina la ofisi, na niliogopa wafadhili wangesoma. Yeye naye aliondoka na madodoso yake, na matokeo hatukuyaona.

Mwaka uliofuata tulichimba kisima kingine kwa mpango ule ule, na kamati isiyo na hata mmoja wa kina mama wanaochota maji. Pampu ilipoharibika, hakuna aliyejua nani atoe fedha za vipuri. Kina mama walirudi mtoni kwa miezi minane. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nilificha, na walioteseka ni wengine.

Tufanye nini?

Kwanza, mtafiti anapokuja tumwonyeshe pia mradi ulioshindwa. Kama kuna hofu, tukubaliane naye kwa maandishi kwamba majina ya watu na vijiji hayatatajwa.

Pili, tumdai mrejesho. Kabla hajaanza, apange siku ya kurudi kueleza alichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya wale aliowahoji.

Tatu, tuchague swali pamoja naye. Swali la chuo peke yake linaweza kumpatia shahada na kutuacha kama tulivyokuwa. Swali letu peke yetu nalo linaweza kuwa la kutafuta sifa.

Nne, kwa miradi tunayoshirikiana na marafiki wa ng'ambo, tukae nao mapema tuulizane juu ya nguzo zote tatu. Sheria wanaweza kuzisoma katika nyaraka. Wajibu na fikra za watu watazijua kwa kukaa na watu, na sisi za kwao vivyo hivyo. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja mradi mmoja uliokwama katika eneo lako. Ni nguzo ipi kati ya tatu haikuangaliwa?
2. Ni jambo gani ambalo kila mtu hapa analijua, lakini hakuna aliyemweleza mgeni?
3. Je, taarifa yetu ya mwisho ya mradi ilieleza kosa lolote? Kama hapana, ni kwa nini?