Wali wa Kima ya Ukwaju na Pilipili: Nusu Kilo ya Nyama Yatosha Watu Sita

Nyama ina bei, na njaa ya jioni haina subira. Mtu arudipo kutoka shambani au kazini, jua limekwisha kutua, hana nafasi ya kukaa saa mbili akichochea moto chini ya nyama ngumu. Tena nusu kilo ya nyama, ikikatwa vipande vya kawaida, humpa kila mlaji vipande viwili au vitatu tu, na wadogo hulala wakinung'unika kwamba wakubwa wamependelewa. Somo letu la juma hili laeleza njia ya kuyashinda mambo hayo mawili pamoja, yaani uhaba wa nyama na uhaba wa wakati. Njia yenyewe ni kuipika nyama iliyosagwa kwa ukwaju, sukari na pilipili, kisha kuimimina juu ya wali katika bakuli.

Nyama iliyosagwa huitwa kima. Msomaji asishtuke: huyu si yule kima arukaye mitini. Neno hili limetufikia kutoka kwa Wahindi, na asili yake ni lugha ya Kituruki, ambamo maana yake ni kitu kilichokatwakatwa. Pilipili kali nazo asili yake ni Amerika, na mabaharia Wareno ndio walioeneza mbegu zake pwani za Afrika na India baada ya mwaka 1492. Lakini ukwaju ni mwenyeji. Waarabu waliuita tende ya India, ingawa mti wake ni wa Afrika tangu kale, nao humea wenyewe Pwani na Ukambani.

Kwa nini nyama kidogo hutosha ikisagwa? Kwa sababu husambaa. Kipande kimoja kizima huliwa kwa tonge moja, bali kipande hicho hicho kikisagwa huingia katika matonge mengi, na kila punje ya wali hupata ladha yake. Ukali, utamu na uchachu huikamilisha kazi hiyo, maana mchuzi wenye ladha nzito hauhitaji kuwa mwingi.

Hata hivyo, nyama ya kusaga ina hatari yake, na yapasa kila mpishi aifahamu. Vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo hukaa zaidi juu ya uso wa nyama. Kipande kizima kikichomwa, moto hukutana navyo huko nje na kuviua. Nyama ikisagwa, kilichokuwa nje huingia ndani, na vijidudu huenea kila mahali. Kwa hiyo shikeni sheria tatu. Kwanza, chagueni kipande chenu buchani na kuomba kisagwe mbele ya macho yenu, au mkikate nyumbani kwa kisu kikali mpaka kiwe laini. Pili, kipikeni siku ile ile, hasa ikiwa hamna friji. Tatu, msiionje nyama mbichi kwa kutafuta chumvi, na msikate kachumbari kwa kisu na ubao uliotumika kwa nyama kabla ya kuviosha kwa sabuni na maji ya moto.

Vitu vinavyohitajiwa kwa watu sita ni hivi: mchele vikombe 3, na pishori wa Mwea wafaa sana, nyama ya ng'ombe iliyosagwa nusu kilo, vitunguu vikubwa 2, vitunguu saumu punje 4, tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, pilipili mbichi 2, bizari nyembamba iliyosagwa kijiko 1 cha chai, ukwaju donge kiasi cha yai, sukari, au sukari guru, vijiko 2 vya chakula, njegere zilizochemshwa kikombe 1, mafuta vijiko 2 vya chakula, chumvi, na majani ya dania.

Anzeni kwa kuuloweka ukwaju katika nusu kikombe cha maji ya moto. Osheni mchele, uteleke kwa maji vikombe 6 na chumvi kidogo. Maji yakaribiapo kukauka, funikeni, punguzeni moto, na kuuacha uive kwa mvuke. Kazi hii huchukua kama dakika 20. Mwenye jiko moja tu aupike wali kwanza, kisha aiviringishe sufuria katika blanketi na kuiweka ndani ya kapu, haitapoa upesi.

Sasa tieni mafuta katika karai pana na kukaanga vitunguu mpaka viwe rangi ya dhahabu. Ongezeni vitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, pilipili zilizokatwa, na bizari. Koroga kwa dakika moja. Tieni nyama. Hapa ndipo wengi hukosea: hufunika sufuria, nyama ikatoa maji, ikachemka badala ya kukaangika, na ladha ikawa hafifu. Msifunike. Acheni moto uwe mkali, vunjeni mabonge kwa mwiko, na kuendelea kama dakika 10 mpaka maji yakauke na nyama ianze kushika rangi ya kahawia. Pasibaki bonge hata moja lenye wekundu ndani. Wenye kipimajoto wafahamu kwamba nyama ya kusaga yapasa kufika digrii 71 za Selsiasi.

Kamueni ukwaju, muuchuje, na kuumimina juu ya nyama pamoja na sukari, njegere na chumvi. Sukari haitiwi mapema, kwa sababu huungua upesi na kuleta uchungu. Punguzeni moto, acheni itokote dakika 5, mpaka mchuzi uwe mzito na kung'aa. Sasa onjeni. Ikiwa utamu umezidi, ongezeni ukwaju. Ikiwa uchachu umezidi, ongezeni sukari kidogo. Ikiwa ukali umezidi, msiongeze maji, bali wapeni watoto wali mwingi zaidi. Wenye watoto wadogo waweza kuacha pilipili nje ya karai, kila mkubwa akajitilia mwenyewe katika bakuli lake.

Pakueni wali kwanza, nyama juu yake, na dania juu ya yote. Andaeni kando kachumbari ya nyanya yenye limau, au sukuma wiki. Hili si pambo tu. Nyama ina madini ya chuma yanayojenga damu, na limau na mboga mbichi zina vitamini C, ambayo husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika njegere na mboga.

Neno la mwisho ni juu ya kiporo. Watu wengi huogopa nyama iliyolala, lakini wali uliolala mezani usiku kucha nao ni wa kuogopwa. Ziko mbegu za vijidudu zisizokufa kwa kuchemshwa; wali ukikaa katika uvuguvugu, huzaliana na kutoa sumu, na sumu nyingine haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Basi pikeni kiasi kitakacholiwa. Wenye friji wakiweke kiporo humo kabla ya saa mbili kupita, wakile kesho yake baada ya kukipasha mpaka kitoe mvuke kote. Wasio na friji wamalize bakuli zao jioni ile ile. Kwa chakula hiki, kumaliza si kazi ngumu.