Rangi ya Kiazi Lishe na Jicho Linaloiona

Kata kiazi kitamu cheupe na kiazi lishe, uviweke pamoja juani. Jua ni lile lile. Mbona kimoja kina rangi ya chungwa?

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Kitu kinachorudisha zote kwa pamoja tunakiona cheupe. Kiazi lishe kina betakarotini, ambayo humeza sehemu ya buluu. Mwanga unaosalia ndio unaofika machoni, nao una rangi ya chungwa.

Lakini kwa nini imeze buluu? Betakarotini ina atomi 40 za kaboni, nyingi zikiwa zimejipanga katika mnyororo mrefu wenye vifungo maradufu 11, vinavyopishana na vifungo vya kawaida. Katika mpangilio huo elektroni hazikai kwenye atomi moja. Zinatembea karibu mnyororo wote. Kadiri njia yao inavyorefuka, ndivyo nishati ndogo inavyotosha kuzisisimua. Mnyororo ungekuwa mfupi sana, ungemeza urujuanimno tu, mwanga tusiouona, na kiazi kingebaki cheupe.

Matembele, yaani majani ya kiazi kitamu, nayo yana betakarotini, ila klorofili, inayomeza buluu na nyekundu na kuacha kijani, huifunika. Tembele likizeeka klorofili huvunjika, na manjano yaliyokuwamo muda wote hujitokeza. Kwa hiyo usihukumu mboga kwa rangi ya juu tu.

Ndani ya jani, karotini husaidia kunasa mwanga na kulikinga jani dhidi ya jua kali. Tukiila, kimeng'enya cha utumbo huikata molekuli katikati na kutoa retinali mbili, aina mojawapo ya vitamini A. Vitamini hiyo husafiri hadi kwenye jicho, na humo, ikiwa katika umbo la retinali, hushikamana na protini iitwayo opsini. Mwanga ukiigusa hujinyoosha, na ubongo hupata habari. Mimi jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria: mnyororo ule ule unaonasa mwanga shambani, ukikatwa nusu, ndio tunaoonea. Mtoto anayekosa vitamini A huanza kushindwa kuona wakati wa magharibi, na upungufu ukizidi anaweza kupofuka kabisa.

Ndiyo maana Mganda Robert Mwanga, mzalishaji wa mbegu za viazi lishe, alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Jikoni, kumbuka kwamba karotini huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Kaanga karoti uone mafuta yanavyogeuka rangi. Matembele yaliyochemshwa kwa maji matupu huupa mwili karotini kidogo. Yakiungwa kwa nazi au karanga, utumbo hufyonza zaidi.