Betri Inayochemka: Tuliyoyaona Masasi na Newala



Baadhi yenu mmetuletea barua mkiuliza sababu gani betri za umeme wa jua, zilizonunuliwa kwa fedha za vuno la karafuu, zakufa kabla ya vuno la pili. Jawabu tuliipata mbali na mikarafuu yetu, kwa wakulima wa korosho wa Masasi na Newala, tulikokwenda kuwazuru.

Masasi si ugenini kwa watu wa Visiwani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, nao wakaweka maskani huko kwenye majabali. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde. Ukisimama hapo walitazama bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Miji hiyo miwili ina umeme wa nguzo, lakini nyumba za mashambani ziko mbali na nguzo, nazo hutegemea jua kama zetu.

Katika kijiji kimoja cha Newala mzee mmoja alitukaribisha kwake, akatuonyesha betri yake chumbani, karibu na kitanda. Ubavu wake umevimba kama gunia lililoshindiliwa. Harufu ilikuwa ya yai viza. Tukamwuliza, "Mzee wetu, iko wapi kontrola?" Akajibu, "Ilikuwa ikiwaka taa nyekundu kila adhuhuri na kukata chaji, wanangu. Fundi akasema mbovu, akaiondoa, akafunga waya za paneli moja kwa moja kwenye betri. Tangu hapo hailalamiki." Waama haikulalamika tena, kwa kuwa aliyekuwa akilalamika amekwisha fukuzwa.

Sasa tusome kisa hiki. Paneli iuzwayo kwa jina la volti 12 si ya volti 12. Ikiwa juani na haikufungwa popote, hutoa volti 21 au 22. Betri ya asidi yenye seli sita ikijaa na kutulia huonyesha volti 12.7 hivi, ikifika nusu, 12.2. Wakati wa kuchaji yafaa ipandishwe hata 14.4, kisha ishushwe kati ya 13.5 na 13.8 na kuwekwa hapo. Kontrola ndiyo ifanyayo kazi hiyo ya kupandisha na kushusha. Ikiondolewa, jua la mchana huipeleka betri kwenye volti 15 na zaidi, na umeme usiopata pa kuingia huyapasua maji yaliyo ndani yakawa hewa mbili, oksijeni na haidrojeni. Huko ndiko kuchemka. Maji hupungua, bamba za risasi hubaki wazi na kuharibika, na haidrojeni hujaa chumbani. Haidrojeni hulipuka kwa cheche ndogo kabisa. Mzee yule alikuwa akifungua vifuniko usiku na kuchungulia maji kwa koroboi! Twamshukuru Mungu macho yake yote mawili yangaliko.

Na maji yenyewe huko si kitu cha kuchezea. Uwanda ule ni mchanga unaomeza mvua. Maji ya mradi wa Makonde hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, kama vile Mitema. Mzee alikuwa akijazia betri maji ya ndoo. Hilo nalo ni kosa, kwa maana maji ya kisima yana chumvi zinazoidhuru betri. Sharti yawe maji safi ya betri yanayouzwa dukani, wala si asidi.

Lakini je, kontrola ilikuwa mbovu kweli? Tulipotazama vichwa vya betri tuliviona vimefunikwa na unga mweupe na kijani. Uchafu huo huuzuia umeme kupita, kwa hiyo volti hupanda upande wa kontrola ilhali betri yenyewe bado ina njaa. Kontrola huiona namba kubwa, hudhani betri imeshiba, hukata. Dawa yake ilikuwa brashi na maji ya moto.

Basi taa ile ikiwaka kwako, usimwite fundi wa kukata waya. Pima kwa mita jua likiwa kali: kwanza kwenye kontrola, kisha kwenye vichwa vya betri vyenyewe. Zikipishana zaidi ya volti 0.3, ubaya uko kwenye waya au viungo. Zikilingana na kupita 14.8, kontrola ni mbovu au imepangiwa aina nyingine ya betri. Zikilingana, lakini zikafika 14.4 asubuhi mapema na taa kuzimika mapema usiku, betri imezeeka, na hapana brashi itakayoirudishia ujana.

Joto nalo lina hesabu yake. Ile 14.4 ni kwa digrii 25. Kila digrii moja ikizidi, yapasa kupunguza volti 0.024 hivi, chini ya bati lenye digrii 40, kikomo ni kama 14.0. Kontrola nzuri huwa na waya mdogo wa kupima joto la betri. Ya bei rahisi haina, na sisi twaona akiba hiyo ni hasara.

Walio na betri mbili zilizofungwa mfululizo kuwa volti 24 wapime kila moja peke yake. Jumla yaweza kuwa 28.8 nzuri kabisa, kumbe mpya iko 13.3 na kuukuu iko 15.5, inaungua. Msiozeshe betri kuukuu na mpya.

Betri za lithiamu za seli nne zisipite volti 14.6. Zina mlinzi wake ndani, naye akikata ghafula mchana, kontrola nyingine huachia volti za paneli zikaingia kwenye taa na redio. Kadhalika, zipo kontrola zinazojichagulia 12 au 24 zenyewe. Ukifunga paneli kabla ya betri zaweza kudhani ni 24. Funga betri kwanza, paneli baadaye, taa mwisho. Kufungua, anza na taa, kisha paneli, betri mwisho.

Betri ya mzee ilitolewa nje siku ile ile. Kontrola aliirudisha, ikafanya kazi.

Mita ya Chama ipo afisini kwetu. Mwanachama yeyote aweza kuiazima kwa siku mbili, akiandika jina lake daftarini. Aliyeichukua tangu mwezi uliopita tafadhali airudishe.