BINTI NA DAWA YA KUKINGA SIDA

Msomaji, wewe mama, wewe baba, na wewe binti, sikiliza vema. Kuna dawa ya kumtibu mgonjwa, na kuna dawa ya kumkinga mwenye afya. Vidonge tutakavyosema hapa ni vya mtu asiye na virusi vya SIDA. Hupimwa damu kwanza. Akionekana hana virusi, humeza kidonge kimoja kila siku. Kwa mwanamke kinga hutimia baada ya kumeza siku 7 bila kuacha. Shirika la Afya Duniani liliikubali dawa hii mwaka 2015 kwa watu wote walio katika hatari kubwa.

Basi, ikiwa dawa ni njema, mbona mabinti wengi huiacha? Tangu 2009 hata 2012 wanawake 5,029 wa Afrika ya Kusini, Uganda na Zimbabwe waliingia katika utafiti. Wengi waliopewa vidonge walisema, "Tunameza." Damu ilipopimwa, mara nyingi dawa haikuonekana ndani yake. Kwa hiyo haikuwakinga. Usiseme upesi, "Ni waongo." Uliza kwanza waliogopa nini.

Fikiri binti wa miaka 19 anayelala chumba kimoja na dada zake. Amerudi na chupa ya vidonge, nayo inalia ndani ya kikapu. Shangazi anaifungua. Vidonge hivi ni vya jamaa moja na vile vya wagonjwa wa SIDA, na kabla ya jua kushuka mtaa wote unasema kwamba binti anaumwa. Mchumba naye anauliza, "Je, hunitumaini? Ao una mwanaume mwingine?" Usiku ule binti anatupa chupa chooni. Maneno ya watu yamekwisha, na kinga imekwisha pia.

Ndiyo sababu wengi hutaka dawa isiyoonekana. Huko Kisumu, katika Kenya, na Soshanguve, katika Afrika ya Kusini, wanawake vijana walijaribu vidonge, pete ya ukeni na sindano, vyote bila dawa ndani yake, ili waseme wanapenda kipi. Sindano ilishinda. Leo kuna pete ya kila mwezi, na sindano ya kabotegravia ya kila miezi 2. Tena mwaka 2024 ilitangazwa habari ya lenakapavia, sindano ya kila miezi 6: katika Afrika ya Kusini na Uganda, wanawake na wasichana 2,134 walipewa, wala hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Lakini si kila binti anapenda sindano. Mwingine anataka kidonge, maana anaweza kukiacha mwenyewe. Mwache achague. (Dawa hizi hazizuii mimba, wala kaswende, wala kisonono.)

Sisi wauguzi tuna kosa letu. Tunaita jina kwa sauti kubwa, tunauliza, "Una wanaume wangapi?" na mke wa mzee wa kanisa ameketi kwenye benchi akisikia. Binti huyo hatarudi. Afadhali apewe dawa katika chumba kile kile cha uzazi wa mpango, mlango umefungwa, vidonge vikiwa katika kifuko kisicholia.

Nawe mama, ukiona chupa chini ya kitanda, usiilete barazani. Mwite peke yake, umwambie, "Mwanangu, nikuwekee mahali pazuri?"